Mizani Kwanza, Marashi Baadaye

Kitu cha kwanza ambacho mwenyeji wa Kimumu anayetaka kujitengenezea sabuni anapaswa kukiondoa mezani ni sufuria. Sufuria nyingi za jikoni nchini Kenya ni za alumini, na alumini haipatani na kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Zikikutana, sufuria huanza kuliwa papo hapo, maji yanachemka bila moto, na hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi, inapanda usoni mwa anayekoroga. Sabuni hatapata, na chombo chenyewe hakitafaa tena kusongea ugali. Ndoo ngumu ya plastiki ingemfaa zaidi, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Jambo hilo mara nyingi halitajwi na wanaosifia sabuni za nyumbani. Wao hupenda kuanza na maua ya waridi, mafuta ya lavenda na vipande vya rangi ya kupendeza vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Manukato yana nafasi yake, na makala haya yatayafikia. Lakini harufu huingia mwisho, wakati sabuni imekwisha kuwa sabuni au imekwisha kuharibika.

Kimumu iko kaskazini mashariki mwa Eldoret, kwenye barabara ya kwenda Iten, na kiutawala ni wadi ya eneo bunge la Moiben. Ni mahali ambapo mashamba yanazidi kumegwa kuwa ploti, nyumba za kupanga zinaongezeka kila mwaka, na mvua za Aprili zikianza, sare za shule hurudi nyumbani zikiwa na rangi ya udongo. Sabuni huko ni hesabu ya kila wiki: ya kufulia, ya kuogea, ya vyombo. Mwaka 2022 hesabu hiyo ilivurugika. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta ya alizeti, kisha Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mawese, ikasimamisha kuyauza nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Viwanda vya sabuni vya Kenya hutegemea mawese kutoka Asia. Watu ambao hawakuwahi kujiuliza sabuni inatoka wapi wakatambua siku hizo kwamba kipande cha kuogea na mafuta ya kukaangia hutoka pipa moja.

Anayeuliza mtaani ni nani anayetengeneza sabuni ataelekezwa kwa mwenye majerikeni. Sabuni ya maji ndiyo kazi ya vyama vya akina mama, vikundi vya vijana na hata makanisa, na malighafi yake huuzwa pamoja katika maduka ya kemikali mjini: ungerol, ambayo ni rojorojo nzito ya kutoa povu, asidi ya salfoniki, soda ash, chumvi, rangi na marashi. Ukali wa asidi huuawa kwa soda ash, ungerol hukorogwa na chumvi, maji huongezwa kidogo kidogo, kisha mchanganyiko huachwa usiku kucha povu litulie. Chumvi ndiyo inayoufanya uwe mzito. Ikizidi kiasi, huugeuza mwepesi tena, na hapo ndipo wengi huongeza chumvi zaidi wakidhani haikutosha.

Ni kazi halali na ina soko. Ila kikemia ni kuchanganya tu: kitakasio kilishatengenezwa kiwandani, na mchanganyaji wa Kimumu anakizimua kwa maji. Sabuni ya kipande ni habari nyingine, kwa kuwa hapo kemia yenyewe hufanyika ndani ya ndoo ya mtu.

Kemia hiyo si ngumu kueleweka. Mafuta yote ya kula, yawe ya nazi, ya alizeti au ya ng'ombe, yamejengwa kwa asidi za mafuta, tatu tatu, zilizoshikana na gliserini. Kostiki soda huvunja mshikamano huo. Asidi zinaungana na sodiamu na kuwa sabuni, na gliserini inaachwa huru. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeieleza siri hiyo kwa kina katika kitabu alichochapisha 1823, ingawa mafundi wa Aleppo na Nablus walikuwa wamepika sabuni ya mafuta ya zeituni kwa karne nyingi bila kujua jina la asidi hata moja. Viwandani gliserini mara nyingi huondolewa, ikauzwa kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi. Katika sabuni ya nyumbani inabaki, nayo huvuta unyevu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ngozi kutokakamaa baada ya kuoga. Ua lililochorwa kwenye karatasi ya sabuni halihusiki.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kostiki ya dukani, na Kenya ina soda ya kumwaga? Kampuni ya kuchimba soda Ziwa Magadi ilianzishwa 1911, na hadi leo shehena za soda ash hutoka huko kwenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni za unga. Lakini soda ash ni kaboneti ya sodiamu. Peke yake haina makali ya kutosha kugeuza mafuta kuwa sabuni ngumu. Lazima kwanza ichemshwe na chokaa ili itoe kostiki. Majivu ya kuni nayo hutoa potashi, na potashi huzaa sabuni laini ya kuchota kwa vidole. Kwa kipande kinachokatika kwa kisu, njia ya mkato haipo.

Ipo, hata hivyo, njia ya kuikwepa kostiki kabisa, na kwa nyumba yenye watoto wadogo ndiyo ya kuanzia. Hununuliwa kipande cheupe cha sabuni isiyo na harufu kali, kikakwaruzwa kwa kikwaruzo cha karoti. Nusu kilo ya makwaruzo hutiwa maji kikombe kidogo, au maziwa, ikawekwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Hapa alumini haina neno, maana kostiki ilikwisha kazi yake kiwandani. Baada ya muda usiopungua nusu saa makwaruzo hulainika na kushikana. Haitayeyuka ikawa maji, na anayeingoja iwe maji atangoja hadi jioni. Ikiwa laini vya kutosha huondolewa motoni, ikapoa kidogo, ikatiwa vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kunukia, ikakandamizwa kwenye kifyatulio. Kitakachotoka huwa na sura ya kukunjamana, si laini ya dukani, lakini kinafaa kuogea na kinanukia alivyotaka mwenyewe. Zaidi ya yote, mtoto akigusa hakuna hatari.

Anayetaka kutoka kwenye mafuta hadi sabuni anahitaji mizani. Kikombe na kijiko havitoshi hapa, wala macho ya mpishi hodari, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 18 za kostiki. Za alizeti hutaka kama 13 na nusu. Za ng'ombe, 14. Kostiki ikizidi, sabuni itachoma ngozi. Ikipungua sana, itabaki laini yenye mafuta mafuta na baadaye itachacha. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja hugharimu pesa, kweli, lakini ndicho kifaa pekee katika kazi hii kisichokuwa na mbadala. Vingine vyote vinaokotwa: kasha la mbao au pakiti ya maziwa iliyooshwa huwa kifyatulio, waya mwembamba hukata.

Eldoret ina bahati ya malighafi moja ambayo wanaofuata mapishi ya kigeni huisahau, nayo ni shahamu ya ng'ombe. Kila bucha ina mafuta inayotupa au kuuza kwa bei ya chini. Yakikatwakatwa, yakayeyushwa kwa moto mdogo na maji na chumvi, yakachujwa kwa kitambaa na kuachwa yagande, hutoa mafuta meupe, magumu, yasiyo na harufu ya nyama. Sabuni yake ni ngumu na haiishi haraka bafuni. Kwa upande wa pili, povu lake ni dogo, ndiyo maana huongezewa mafuta ya nazi kutoka pwani, yenye povu jingi. Alizeti hupunguza ukali wa nazi.

Kipimo cha kuanzia kinaweza kuwa hiki: shahamu iliyosafishwa gramu 500, nazi 250, alizeti 250. Kwa jumla hiyo ya kilo moja, kostiki ni gramu 142 na maji 320. Hesabu hiyo imeacha asilimia tano ya mafuta bila kostiki ya kuyageuza, kwa makusudi, ili ngozi isikaushwe na kosa dogo la mizani lisimdhuru mtu. Maji yawe ya mvua yaliyokingwa safi, au ya kuchemshwa na kupozwa. Maji ya kisima yenye madini mengi huzaa utando wa kijivu unaonata kwenye beseni.

Kisha hatari. Kostiki humiminwa ndani ya maji. Kamwe maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa maana huweza kulipuka na kuruka. Maji yanayoipokea hupanda joto peke yake hadi karibu nyuzi 80 au 90 na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo kazi hiyo hufanyiwa nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa glavu, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Tone likiangukia ngozi huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki, inayopendekezwa na wengi, si dawa ya jeraha hilo. Na kostiki iliyobaki isiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa saa moja. Mtoto akiimeza huunguza umio, na kovu linaloachwa linaweza kumzuia kumeza chakula kwa miaka. Akiisha kumeza asitapishwe, maana kitakachopanda kitaunguza mara ya pili, akimbizwe hospitali.

Mafuta yaliyoyeyushwa na maji ya kostiki huachwa vipoe hadi nyuzi 40 na kitu, kisha huchanganywa na kukorogwa mfululizo. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache, kwa mwiko huweza kufika saa nzima. Dalili inayotafutwa ni mchanganyiko kuwa mzito kama uji, hata tone likidondoshwa juu yake linaacha alama. Hapa ndipo baridi ya Uasin Gishu, kaunti yenye Eldoret, huleta hila. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za sweta. Shahamu huganda upesi katika hali hiyo, mchanganyiko ukaonekana umeiva kumbe ni mafuta tu yaliyoshikwa na baridi. Ukimiminwa hivyo, siku ya pili hutengana: mafuta juu, maji makali chini. Tiba ni kupasha joto kidogo na kuendelea kukoroga. Heri kazi ifanywe mchana, na kifyatulio kifunikwe blanketi usiku wa kwanza.

Sasa marashi. Yanaingia wakati huu, uji ukiwa umeanza kushika, kwa kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa kilo ya mafuta. Kosa lililozoeleka ni kumimina pafyumu ya kujipulizia. Pafyumu ni spiriti kwa sehemu kubwa. Spiriti huifanya sabuni igande ghafla ndani ya ndoo, halafu harufu yenyewe hupeperuka kabla wiki haijaisha. Mafuta ya kunukia yanayouzwa madukani kwa ajili ya kusafishia choo au kunukisha gari nayo si ya ngozi ya mtu, hata chupa ikiwa na picha ya waridi.

Wengine hukimbilia bustanini. Rosmeri ni ua wa mipaka katika nyumba nyingi za mji, mchaichai hupandwa kando ya jiko kwa ajili ya chai, na mikaratusi imejaa kila upande. Kwa bahati mbaya, majani mabichi yakitiwa kwenye sabuni huwa kahawia na kunuka nyasi zilizolala. Kostiki haina huruma na maua. Majani makavu yaliyosagwa yanaweza kutoa rangi na ukwaruzo mzuri wa kusugulia miguu, lakini harufu hutoka kwenye mafuta yaliyokenekwa, na kukeneka kunahitaji shehena: kilo 100 za mchaichai mbichi hutoa nusu kilo ya mafuta au chini yake. Hilo laeleza kwa nini kichupa kidogo huuzwa ghali, na kwa nini cha bei ya kutupa kinafaa kutiliwa shaka.

Mahali pa kuona kazi hiyo ikifanywa na wanakijiji si mbali. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walianza kulima mmea wa kienyeji unaoitwa mwonyi, jamii ya mrihani wenye harufu ya kafuri, badala ya kuendelea kuuchuma msituni. Kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, waliujengea mtambo wa kukeneka na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Upande wa Nanyuki, wakulima wadogo wamelima mti wa chai wa Australia, ambao mafuta yake yameuzwa hadi kwa makampuni ya vipodozi ya Uingereza.

Ila ukitaka kuona sabuni na harufu zikikutana sawasawa, itakubidi ushuke hadi Unguja na Pemba. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Bei ya mwani mkavu ilikuwa ndogo, na bahari ilipozidi kuwa na joto, aina ya thamani zaidi ikaanza kufa. Tangu 2006 mtafiti Flower Msuya na mpango wa kongano la mwani uliowashirikisha wakulima wakaanza kuhimiza mwani usagwe na kugeuzwa bidhaa, na sabuni ikawa ya mbele. Vikundi vya Kidoti na Paje huchanganya unga wa mwani na mafuta ya nazi, kisha huchagua kati ya karafuu, mchaichai, mdalasini na mkaratusi. Chake Chake, Pemba, kiko Kiwanda cha Makonyo cha shirika la biashara la serikali, ZSTC, kinachokeneka mafuta si kwa karafuu zenyewe bali kwa vikonyo vyake, ambavyo vingetupwa.

Karafuu ni kishawishi kikubwa kwa mtu wa bara. Inanukia Zanzibar nzima, hudumu kwenye sabuni kwa miezi, na ni rahisi kupatikana. Lakini kemikali yake kuu, yujenoli, huiharakisha sabuni kupita kiasi. Fundi mgeni huweza kubaki na mwiko uliosimama wima katikati ya ndoo. Tena huwasha ngozi. Gramu tano kwa kilo ya mafuta zinatosha. Mchaichai nao uwe gramu 10 hivi, ukisindikizwa na mkaratusi 15, na mchanganyiko huo huvumilia kostiki vizuri kuliko harufu za machungwa na ndimu, ambazo hufifia mapema. Kwa jikoni la Kimumu, pengine hakuna harufu inayofaa zaidi ya mkaratusi na mchaichai: zote mbili watu wanazijua, na hakuna mgeni atakayeuliza ni kitu gani.

Baada ya siku moja au mbili sabuni hukatwa, ikapangwa kwenye rafu yenye hewa, mbali na jua, vipande visigusane. Hapo husubiri wiki nne hadi sita. Huo ndio muda unaowashinda wengi. Kostiki humaliza kazi yake katika siku za mwanzo, lakini maji huchukua muda kutoka, na sabuni isiyokauka huyeyuka bafuni kwa siku chache. Msimu wa mvua huongeza wiki mbili juu. Unga mweupe ukitokea juu ya vipande si ukungu. Ni kostiki kidogo iliyokutana na hewa ikageuka kaboneti, yaani soda ileile ya Magadi, nao hufutika kwa kitambaa chenye maji. Karatasi za kupimia ukali, zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya maabara, huonyesha kati ya 8 na 10 kwa sabuni iliyo salama. Mafundi wa zamani hugusisha ulimi, na ikiwapiga kama betri wanairudisha rafuni.

Kwa matumizi ya nyumbani kazi imekwisha hapo. Anayetaka kuuza dukani au sokoni huingia kwenye mikono ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, kwa kuwa sabuni inayouzwa Kenya inapaswa kubeba alama yake ya ubora. Sampuli hupimwa, mahali pa kazi hukaguliwa, na lebo lazima ieleze kilichomo na uzito wake. Kipimo kile cha kilo moja ya mafuta hutoa vipande 12 vya gramu 120 hivi. Vikimaliza wiki sita, kila kimoja huweza kushuka hadi karibu gramu 105, kwa hiyo uzito wa kuandika kwenye lebo ni ule wa siku ya kufunga, si wa siku ya kukata.